Kudundisha au Kukokota: Mpira Upi Kijana wa Unguja na Pemba Aanze Nao?

Skuli zinapofungwa, wazazi wa mtaani kwetu huniuliza swali lile lile. Kijana wao ana umri wa miaka 10 au 12, anapenda mpira, fedha zinatosha kununua mpira mmoja tu, na alasiri anayobakiwa nayo baada ya kutoka chuoni, yaani madrasa, ni fupi. Je, ajizoeze kuudundisha mpira wa kikapu au kuukokota mpira wa miguu? Nimewafundisha watoto michezo yote miwili kwa miaka kadhaa, kwanza katika kiwanja cha saruji kilichopasuka na baadaye kwenye mchanga wa pwani, na jibu langu limebadilika. Zamani nilikuwa nikitazama kimo cha mtoto na wepesi wa miguu yake. Siku hizi nauliza kwanza nyumba yao iko karibu na ardhi ya namna gani, kwa sababu umahiri wa kuumiliki mpira huja kwa kuugusa mara nyingi mno, na mtoto ataugusa zaidi ule mpira ambao ardhi ya kwao inaukubali.

Katika maelezo haya, kudundisha ni kule kuusukuma mpira wa kikapu chini kwa mkono huku mchezaji akienda, na kukokota ni kwenda na mpira wa miguu kwa migusano midogo midogo ya mguu. Chenga ni ya michezo yote miwili, maana ni ule ujanja wa kumpita mpinzani.

Sheria zinaitenganisha michezo hii kuliko mkono na mguu unavyoitenganisha. James Naismith alipobuni mpira wa kikapu mwaka 1891 huko Springfield, Marekani, aliandika kanuni 13, na mojawapo ilimkataza mchezaji kukimbia na mpira. Aliyeudaka alipaswa kuurusha kutoka pale pale alipoudakia. Kudundisha kulikuja baadaye kama njia ya kusogea bila kuivunja kanuni hiyo, na hadi leo kumebaki kuwa ruhusa yenye masharti. Mchezaji akiushika mpira kwa mikono miwili, ruhusa imekwisha, naye hawezi kuanza tena kudundisha. Akiuweka mkono chini ya mpira na kuubeba, amekosea. Na kabla ya hayo yote timu yake ina sekunde 8 tu za kuvuka nusu ya uwanja na sekunde 24 za kulenga kikapu. Mwenye mpira wa miguu hana mipaka ya namna hiyo. Anaweza kuukanyaga mpira kwa wayo, akasimama, akamtazama beki machoni, akauanza upya, akarudi nyuma na kuanza tena, wala hakuna mwamuzi atakayempigia filimbi kwa hilo.

Kwa anayejifunza, tofauti hiyo ina matokeo makubwa. Kikapu humsahihisha mtoto papo hapo, kwa kuwa kosa la mkono huonekana, mpira humponyoka au hupewa wapinzani, na mtoto hujua siku hiyo hiyo kwamba kuna jambo hakulifanya sawasawa. Mpira wa miguu huvumilia makosa kwa muda mrefu. Nimeona vijana wa miaka 15 wanaosifiwa mtaani kwa mbio zao, ambao kwa kweli huutupa mpira mbele hatua nne kisha wakaufukuza; mtindo huo huwapa ushindi dhidi ya watoto wenzao, lakini siku wanapokutana na beki mtulivu anayejua kusubiri, hawana la kufanya, na miaka iliyopita katika tabia hiyo ni vigumu kuirudisha. Mzazi asiyeweza kumpatia mtoto wake mwalimu wa karibu azingatie jambo hili kwa uzito, kwa sababu mpira wa kikapu unaweza kuwa mwalimu wa nusu, na mpira wa miguu unahitaji jicho la mtu mwingine.

Ardhi ndiyo inayoamua

Mpira wa kikapu unahitaji sakafu. Kwa kipimo kilichozoeleka katika kanuni za mchezo huo, mpira uliojazwa upepo vizuri ukiangushwa kutoka kimo cha mita 1.8 unatakiwa kuruka hadi kati ya mita 1.2 na 1.4, na mzazi anaweza kukifanya kipimo hiki mwenyewe mbele ya nyumba kwa kuutumia ukuta uliotiwa alama za chaki. Ukirukia chini ya kiuno cha mtoto ingawa upepo umejaa, ardhi hiyo inaumeza mpira, na mtoto atalazimika kuupiga kwa nguvu za bega badala ya kuusukuma kwa kifundo cha mkono, jambo litakalomharibia mtindo tangu mwanzo. Juu ya mchanga hakuna la kujadili. Hata ule mchanga mgumu uliotoka kuachwa na maji hauwezi kuurudisha mpira wa kikapu ipasavyo, na udongo wa njia za shamba huurudisha upande usioutarajia.

Mchanga huo huo ni rafiki wa mpira wa miguu, ingawa ni rafiki wa masharti. Kwenye mchanga laini wa juu mpira hauviringiki, hivyo mchezaji huzoea kuunyanyua na kuupiga danadana, na misuli ya mashavu ya miguu na vifundo vyake hupata nguvu. Kwenye mchanga wa chini, uliopigwa na mawimbi ukakaza, mpira huteleza vizuri na mtoto anaweza kukokota kwa umbali mrefu bila viatu, akihisi kila mguso kwa ngozi ya mguu wake. Wasiwasi wangu ni kwa mtoto asiyetoka mchangani kabisa. Mchanga laini huusimamisha mpira kwa niaba yake, naye huzoea mguso mzito. Siku anapoitwa kucheza kwenye nyasi bandia, ambako mpira hukimbia, mguso ule ule huupeleka mpira moja kwa moja miguuni mwa adui.

Kuna jambo jingine ambalo wakazi wa pwani tunalijua bila kufundishwa, lakini walimu wa michezo hulisahau wanapopanga ratiba zao. Siku za bamvua, yaani wakati wa mwezi mwandamo na wa mwezi mpevu, maji huku kwetu hujaa karibu na saa 10 alasiri na hukupwa karibu na saa 4 asubuhi. Maana yake ni kwamba pwani huwa pana na ngumu wakati watoto wako darasani, na wanapotoka wanakuta ukanda mwembamba wa mchanga laini chini ya minazi. Siku za maji mafu, yaani katikati ya bamvua moja na nyingine, saa za alasiri maji yamepungua, lakini hayaendi mbali. Kwa kuwa maji husogeza saa zake kwa kiasi cha dakika 50 kila siku, kijana anayetegemea pwani peke yake hawezi kuwa na saa maalumu ya mazoezi; Jambiani na Paje, ambako maji yakitoka huacha uwanda mkubwa, hali ni nafuu, ila kwa upande wa mjini na katika sehemu kubwa ya Pemba, ambako pwani nyingi zimezungukwa na mikoko, nafasi ni finyu zaidi. Mwenye sakafu ya saruji hana habari na mwezi.

Sakafu nayo ina matatizo yake. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, kiwanja cha wazi hulowa na saruji iliyolainishwa na miguu ya watu huteleza, na mpira wa ngozi, ambao kwa hakika umetengenezwa kwa ajili ya ukumbi wa ndani, huvimba na kuharibika. Kwa mazoezi ya nje uchaguzi sahihi ni mpira wa raba. Kadhalika kuna suala la majirani. Mpira wa kikapu unaodundishwa barazani husikika hadi nyumba ya tatu, na katika mwezi wa Ramadhani, ambapo vijana wengi hupendelea kufanya mazoezi baada ya tarawehe, sauti hiyo usiku ni adha kwa wagonjwa na wenye watoto wachanga. Mpira wa miguu unaokokotwa polepole kwa wayo hausumbui mtu. Ninalisema hili kwa sababu nimeshuhudia kijana mwenye bidii akiacha mazoezi kabisa kwa kuogopa kugombezwa, ilhali kama angeambiwa mapema angepanga saa yake kabla ya futari, akafanya zoezi jepesi la kusimama mahali pamoja lisilomkausha koo.

Vichochoro vya Mji Mkongwe vinastahiki kutajwa peke yake, kwa kuwa vina kitu ambacho viwanja vikubwa havina, nacho ni kuta pande mbili. Mtoto anayecheza humo hujifunza kuugonga mpira ukutani na kuupokea upande wa pili wa mpinzani wake, hujifunza kugeuka katika nafasi isiyozidi mikono miwili, na hujifunza kuinua kichwa, maana wakati wowote anaweza kutokea mzee amebeba kikapu cha samaki au mtu wa vespa. Kwa mazingira hayo mpira mkubwa wa miguu hauna manufaa sana kwa kuwa huruka mno juu ya mawe. Mpira wa futsali, yaani soka la ukumbini, unafaa zaidi: mzingo wake ni sentimita 62 hadi 64, na umetengenezwa usiruke sana, kiasi kwamba ukiangushwa kutoka mita 2 huinuka sentimita 50 hadi 65 tu.

Mkono na mguu

Uzito wa mipira yenyewe unatofautiana kuliko watu wanavyodhani. Mpira wa kikapu namba 7 wa wanaume una mzingo wa takriban sentimita 75 na uzito wa karibu gramu 600, na wa miguu namba 5 una mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtoto wa miaka 10 kupewa mpira wa kikapu wa kaka yake. Kiganja chake hakiutawali, hivyo huupiga kofi. Namba 5 ya kikapu imekusudiwa umri huo, na kwa wasichana wakubwa na wanawake ni namba 6. Katika mpira wa miguu mtoto wa umri huo apewe namba 4.

Mkono hujifunza haraka. Ndani ya wiki chache za mazoezi ya kila siku, mtoto anayedundisha kwa ncha za vidole, kiganja kikiwa hakigusi mpira, magoti yamekunjwa na mkono wa pili umenyooshwa mbele kama ngao, ataanza kuweza kudundisha bila kuutazama mpira. Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza, na hapo ndipo kikapu kinapogeuka kuwa kigumu, kwa sababu hakimwachii mchezaji anayetegemea mkono mmoja. Beki akishajua kwamba kijana anakwenda kulia tu, atasimama kulia kwake, na mchezo wa kijana huyo umekwisha. Ndiyo maana mazoezi ya kudundisha mipira miwili kwa wakati mmoja, ambayo Stephen Curry, nyota wa kikapu wa Marekani, amejulikana nayo kabla ya mechi zake, yana maana kubwa: hayaupi mkono wenye nguvu nafasi ya kuusaidia mkono dhaifu. Asiye na mpira wa pili aupe mkono dhaifu theluthi mbili za muda wake, adundishe chini ya goti kwa dakika mbili, apumzike, kisha abadilishe mkono mbele ya mwili, katikati ya miguu na nyuma ya mgongo, akiwa amesimama kwanza na baadaye akitembea.

Mguu hujifunza polepole, lakini unasamehe upungufu wa upande mmoja. Tarehe 22 Juni 1986, katika uwanja wa Azteca nchini Meksiko, Diego Maradona aliuchukua mpira upande wake wa uwanja, akawapita Waingereza mmoja baada ya mwingine pamoja na golikipa wao, akafunga, na katika safari yote hiyo alitegemea mguu wake wa kushoto. Messi naye ameishi zaidi kwa kushoto kwake. Simwambii kijana apuuze mguu dhaifu. Namwambia tu mzazi kwamba mtoto ambaye upande wake mmoja umezidi sana mwingine atavunjika moyo upesi kwenye kikapu na atapata nafasi ya kukua kwenye mpira wa miguu. Zoezi la msingi kwake ni kupanga vifuu vinane kwa mstari, kila kimoja mwendo wa hatua moja kutoka kwa mwenzake, kisha kupita kati yake kwa upande wa ndani wa mguu, halafu wa nje, halafu kwa wayo, sharti mpira usiende mbali zaidi ya hatua moja. Kasi isiongezwe mpaka aweze kupita bila kuangusha kifuu huku akitaja kwa sauti idadi ya vidole anavyoonyeshwa na mwenzake aliye mbele.

Kuhusu kimo, wazazi wengi huamini kwamba kikapu ni cha warefu, na pengine ni kwa sababu Mtanzania aliyevuma zaidi katika mchezo huo, Hasheem Thabeet, aliyechaguliwa wa pili mwaka 2009 kuingia ligi ya NBA ya Marekani, ni mtu mwenye urefu unaozidi mita 2.2. Lakini Thabeet hakuwa mdundishaji. Kazi hiyo kwa kawaida hukabidhiwa wafupi. Muggsy Bogues, mwenye kimo cha sentimita 160, alicheza NBA kwa misimu 14, na kimo chake kilimsaidia kuuweka mpira mahali ambapo mikono ya warefu haifiki kwa urahisi. Mtoto mfupi mwenye sakafu karibu asinyimwe mpira wa kikapu kwa sababu ya ufupi wake.

Peke yake au na wenzake

Hapa ndipo ninapowaelekeza wazazi kwa uhakika zaidi. Kudundisha kunaweza kujifunzwa kwa sehemu kubwa na mtu aliye peke yake, wala hahitaji kikapu chenyewe wala uwanja wa mita 28 kwa 15. Hatua tatu za sakafu zinatosha. Chenga ya mpira wa miguu haikamiliki bila beki, na sababu yake ni kwamba siri yake iko kwenye uzito wa mwili wa mpinzani. Mchezaji hushusha bega upande mmoja, beki hulemea mguu mmoja, na katika nukta hiyo hiyo mpira husukumwa upande wa pili na kasi hubadilika. Vifuu havilemei mguu wowote, kwa hiyo aliyejizoeza navyo peke yake atakuwa na mguso mzuri asiojua autumie lini. Chandimu, yaani soka la mtaani, ya watoto watatu kwa watatu, bila golikipa, katika eneo la hatua kumi kwa kumi, itamfundisha jambo hili kuliko mazoezi mengi ya upweke, hata kama mpira ni wa matambara. Akipigwa tobo, yaani mpira kupitishwa kati ya miguu yake, mara tano alasiri moja atajifunza vilevile namna beki anavyodanganyika, na elimu hiyo itamrudia siku atakapokuwa yeye mwenye mpira.

Je, ujuzi wa mchezo mmoja unahamia kwa mwingine? Kwa niliyoyaona, mguso wenyewe hauhami. Mkono haumfundishi mguu. Kinachohama ni kichwa kilichoinuliwa, magoti yaliyokunjwa, bega la hila na ile hali ya kusita nusu nukta kabla ya kuchomoka. Watoto waliotangulia kwenye kikapu walipokuja kwenye mpira wa miguu walikuwa tayari na tabia ya kutazama mbele, jambo ambalo kwa wengine nililihangaikia kwa miezi. Waliotoka upande wa pili walikuja na miguu myepesi, lakini walichukua muda kuacha kuutazama mpira.

Kwa wasichana, zamani kizuizi kilichotajwa ni mavazi, na kilikuwa cha kweli. Sheria za mpira wa miguu ziliruhusu kufunika kichwa uwanjani mwaka 2014, na za mpira wa kikapu zikafuata mwaka 2017, hivyo msichana wa Kizanzibari anaweza leo kucheza mchezo wowote kati ya hii miwili na mtandio wake wa michezo hadi mashindano ya kimataifa. Kilichobaki ni faragha na usalama wa mahali, na hapo kikapu huwa na nafuu, kwa kuwa kiwanja chake huweza kuwa ndani ya uzio wa skuli.

Baada ya kuyapima hayo, haya ndiyo ninayowajibu wanaoniuliza. Kijana wa Nungwi au Makunduchi ambaye hana sakafu karibu, na ambaye wenzake hukusanyika kila siku, anunuliwe mpira wa miguu namba 4, na angalau siku moja kwa wiki apelekwe acheze juu ya ardhi ngumu ili mguso wake usizoee mchanga. Kijana wa Chake Chake au Wete anayekaa karibu na skuli yenye kiwanja cha saruji, mpole, asiye na marafiki wengi wa mchezo, na ambaye hana mwalimu, aanze na mpira wa kikapu wa raba namba 5; hata kama moyo wake uko kwenye mpira wa miguu, miezi sita ya kudundisha haitampotea. Mwenye umri wa miaka 15 au zaidi ambaye tayari amechagua mchezo asihamishwe. Huyo tatizo lake ni mkono au mguu dhaifu, na atibiwe hapo hapo alipo. Na kwa binti wa Malindi au Shangani anayetoka mlangoni na kukuta kichochoro cha mawe chenye upana wa watu wawili, namwambia mama yake atafute mpira wa futsali, amtafutie na ukuta ambao mwenye nyumba ameuridhia, na amruhusu nusu saa kati ya alasiri na magharibi, mguu wa kulia siku moja na wa kushoto siku ya pili.